Mfungo wa Mama Kidoti

9 Februari

Kidoti wangu,

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma dukani nimesimama, halafu nikaisoma tena nyumbani nimekaa. Nashukuru kwamba u mzima. Mimi sijambo, isipokuwa sikio la kushoto limeniaga kabisa, kwa hiyo usichoke kuandika. Simu kwangu ni kelele tu. Mtu akinipigia nasikia kama anakaanga kitu.

Umeuliza nyumba ikoje. Iko vile vile. Sijahamisha kitu cha mama yako. Juzi nilikuwa natafuta bisibisi ndogo kwenye droo ya jikoni nikakuta kibati cha vifungo. Kumbe alikuwa ametunza vifungo vya mashati yangu yote yaliyochakaa, vya kila shati amevitunga kwenye uzi wake. Miaka yote hiyo sikujua. Huu mwezi wa nane tangu aondoke, na bado nakuta vitu ambavyo sikujua.

Kazi ipo. Muuza nyama wa kona aliniita akasema mizani yake imeanza kusema uongo. Nikamwambia, "Mizani haisemi uongo, ndugu yangu, hufundishwa." Alicheka kidogo, si sana.

Sasa kuhusu hilo la kufunga. Unasema tangu Januari unafunga kila Ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi unapokua na ya kumi na moja unapopungua, kama alivyofanya mama yako miaka thelathini, na kwamba utaendelea mpaka mwaka wake utimie. Ni nia njema. Lakini mwanangu, kula. Mama yako alikuwa na mwili wake na wewe una wako, tena unasimama mbele ya tanuri kutwa nzima. Na zile dawa za sukari ulizoandikiwa mwaka jana, bado unazimeza? Niandikie kuhusu hilo.

Msalimie mama yako mkubwa.

Baba yako


21 Februari

Baba, shikamoo.

Unaniambia nile kama vile nimegoma kula! Ni siku mbili tu kwa mwezi, na hata hizo si njaa kavu. Siku ya Ekadashi sigusi nafaka wala maharage. Asubuhi maziwa, mchana ndizi mbili, jioni kiazi cha kuchemsha. Kesho yake jua likichomoza naoga, naomba, ndipo nakula kama watu.

Kichekesho ni hapa kiwandani. Yule msimamizi wetu tunamwita Kipaza, kwa kuwa hajui kunong'ona, hata siri anaitangaza. Juzi alisimama katikati ya meza za unga akapiga ukelele: "Wewe binti! Unaoka mikate elfu moja na hutii hata ukoko mdomoni! Nani kakuroga?"

Nikamwambia leo sili nafaka.

"Nafaka tu? Basi kula nyama!"

"Nyama sijala tangu nizaliwe."

"Maskini wee. Sasa duniani ulikuja kufanya nini?"

Tulicheka wote. Lakini Baba, mimi naona faida. Nimepungua kilo tano. Kliniki wamenipima, sukari imeshuka, muuguzi kafurahi, kaniambia, "Sijui unafanya nini, ila endelea hivyo hivyo." Sikumwambia ni mfungo, maana angeanza maswali. Pale kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na gazeti, limeandika kwamba tumbo likipumzishwa mwili hujisafisha wenyewe, na kwamba wataalamu wanalichunguza jambo hilo. Nikawaza, Mama hakusoma gazeti lolote na alijua.

Dawa sikosi hata mara moja, usiwe na wasiwasi. Siku za mfungo ndiyo kabisa sisahau, maana sauti yako iko masikioni mwangu: "Dawa si chakula, Mama Kidoti. Meza." Nami nameza.

Ile Ekadashi kubwa ya mara moja kwa mwaka, isiyo na chakula wala maji, mwaka huu inaangukia tarehe 14 Juni. Nitaifunga yote, kavu, kama Mama. Kila nikikumbuka kwamba Mungu alimchukua siku ile ile, amelala mbele yake na moyo safi, nasahau kulia. Wangapi wanapata kifo cha namna hiyo?

Kidoti wako


2 Machi

Shemeji,

Nakusalimu kwa heshima, wewe mkubwa wa nyumba yao. Barua hii ni yako peke yako. Ukimaliza kuisoma ichome au ifiche, utakavyoona.

Siku ya msiba wa mdogo wako uliniuliza, "Saa zile ulikuwa wapi?" Nikasema kazini. Ni kweli, lakini si yote.

Siku moja kabla ya mfungo ule alikula mlo mmoja tu wa mchana, kujiandaa. Jioni nikampa vidonge vyake vya sukari. Asubuhi ya mfungo nikampa vingine viwili. Akasema, "Leo niache jamani, leo hata maji simezi." Nikamjibu nilivyozoea kumjibu, "Dawa si chakula. Mungu hahesabu tone la kumezea." Akacheka, akasema, "Haya, daktari wa mizani." Akameza.

Nilirudi saa kumi. Nilimkuta amelala kwenye mkeka mbele ya kabati la miungu. Paji la uso limelowa jasho, na nilipoligusa kwa mgongo wa kidole lilikuwa baridi. Midomo ilikuwa inacheza. Nikadhani anaomba. Nilivua viatu nisimsumbue, nikamfunika shuka, nikakaa kwenye kigoda. Nilikaa saa nzima, shemeji. Nilikuwa hata na furaha kidogo, kwamba nyumba imetulia namna ile. Midomo ilipoacha kucheza nilidhani amemaliza sala.

Daktari aliyekuja aliniuliza, "Leo alimeza dawa ya sukari?" Nikasema sijui. Aliuliza mara moja tu. Akaandika kwamba ni moyo.

Baadaye nilikwenda kwa muuza dawa nikauliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Akaniambia vile vidonge vinashusha sukari, uwe umekula au hujala, na mtu aliyefunga vinaweza kumshusha mpaka asiamke. Kumbe jasho lile baridi ndiyo dalili yenyewe. Mtu akiwa vile hapaswi kuachwa apumzike. Hutiwa kitu kitamu mdomoni, hata sukari, hata asali, na kukimbizwa hospitali.

Sasa Kidoti anafunga, na anameza, na anameza kwa neno langu. Ameniandikia kwa furaha. Mimi na mama yake tulikuwa tukisema neno lile kwa mzaha kila Ekadashi, naye amelichukua kama urithi. Tarehe 14 Juni anataka kufunga mkavu.

Yuko chini ya paa lako. Naomba ruhusa yako nimwambie jinsi mama yake alivyokufa.

Fundi, mume wa mdogo wako


12 Machi

Mume wa mdogo wangu,

Barua nimeisoma mara mbili na nimeiweka mahali ambapo hata panya hapajui. Nakujibu bila kupindapinda.

Ruhusa sikupi.

Unataka kulia, lia. Lakini lia mdomo ukiwa umefungwa. Mama yetu ana miaka tisini na mmoja. Aliponiuliza mwanawe kafaje, nilimwambia: siku ya Ekadashi, siku ya Vishnu mwenyewe, mbele ya Mungu, tumbo tupu. Akasema, "Basi amefika." Tangu hapo analala. Kabla ya hapo alikuwa halali. Watu waliokuja kumchoma mdogo wangu hawakunipa pole, walinipa hongera, na wewe ulisimama pembeni yangu ukazipokea pamoja nami. Leo niende niwaambie nini? Kwamba ni vidonge? Maji yaliyomwagika hayazoleki, shemeji. Mdogo wangu amekufa mara moja. Wewe ukisema, utamuua mara ya pili, na safari hii sisi wote tutakuwa tunaangalia.

Na mfungo usiutupie lawama. Mimi nina miaka sitini na minane, nimefunga tangu nina kumi na miwili. Nikipanda ngazi magoti yangu hayatoi sauti. Jirani yangu wa chini, rika langu, akipanda ngazi jengo zima linajua.

Kidoti niachie mimi. Nitamwambia siku ile anywe maziwa. Wewe nyamaza, tengeneza mizani.

Shemeji yako


20 Machi

Kidoti,

Nimefikiri sana na nimeamua. Nakukataza kufunga. Si ile ya Juni tu, zote. Mungu hana haja na njaa ya mtu anayefanya kazi ya kusimama. Mambo ya magazeti ya kliniki uyaache. Mama yako asingependa.

Usiniulize sababu. Mimi ni baba yako, hiyo inatosha.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Nimesoma barua yako nikaigeuza nyuma kuangalia kama kweli wewe ndiye uliyeiandika. Katika maisha yangu yote hujawahi kuniambia "hiyo inatosha".

Basi na mimi nikuambie. Mama alikuwa anafunga na wewe unakula mbele yake, unasema, "Harufu haivunji mfungo, karibu unuse." Tulikuwa tunacheka. Sasa nikikumbuka sicheki. Labda hukuwahi kuamini hata siku moja, ulikuwa unamvumilia tu. Amekufa kifo ambacho watu wanakiomba, na wewe hutaki hata mwanawe amfuate kwa siku mbili za mwezi. Unasema Mama asingependa. Umemuuliza lini?

Mama Mkubwa amenielewa. Yeye kasema tu ninywe maziwa, basi, hakupiga kelele.

Najua unaogopa kwamba mimi ni dhaifu. Ekadashi iliyopita mikono ilinitetemeka mbele ya tanuri, nikatoka jasho jembamba, nikaona Kipaza wawili, na mmoja anatosha kabisa. Nilikaa kwenye gunia la unga, nikaomba, ikapita. Gazeti lilisema mwanzoni mwili unapojisafisha hutokea hivyo. Jioni nilijisikia mwepesi kama karatasi.

Sitaki tugombane kwa mwaka wa Mama. Kwa hiyo barua zako zitakazokuja nitaziweka kwenye kopo la biskuti bila kuzifungua, mpaka siku yake ipite. Usinipigie simu pia. Nisamehe.

Mwanao


29 Mei

Shemeji,

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Kidoti. Sikuifunga kwa gundi. Nakuomba umsomee.

Tangu Aprili nimemwandikia tatu, na najua ziko kwenye kopo. Nimempigia mara nne kwa simu ya jirani, jirani akiwa ananishikia na kunisikilizia. Mara zote kasema, "Kama ni lile lile, nakata," akakata. Ya mwisho nilipiga kelele, "Usimeze dawa!" lakini jirani akaniambia simu ilikuwa imeshakatwa, nilikuwa naupigia kelele ukuta.

Utaniuliza kwa nini sikuja. Aprili ningeweza kuja. Nilikwenda mpaka kituo cha basi na mkoba wangu, nikakaa kwenye benchi, basi likaja, watu wakapanda, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nauogopa uso wake. Kisha Mei nikaanguka kwenye shimo la mizani ya malori niliyokuwa naisafisha, nikavunjika nyonga. Naandika nikiwa nimelala. Sasa nataka kuja na siwezi hata kufika mlangoni.

Shemeji, umesema hongera zile nilizipokea pamoja nawe. Ni kweli. Nilizipokea kwa sababu zilikuwa zinanifunika. Mtu akisema "mkeo amekufa vizuri" hakuulizi swali la pili.

Mama yenu mwache alale. Huyo simgusi. Lakini Kidoti ameshaniandikia kuhusu jasho na kutetemeka, anadhani ni usafi. Kama huwezi kumsomea barua, basi siku ile mzuie asimeze vidonge, au mlazimishe ale. Nilikuandikia Machi jinsi jasho lile lilivyo. Tafadhali usilisahau.

Fundi


18 Juni

Shemeji,

Kidoti yu hai. Naanza na hilo.

Sasa soma mengine ukiwa umekaa, kama nyonga inakuruhusu.

Barua yako ilifika tarehe nne. Sikumsomea. Niliiweka nyuma ya picha ya Mungu, nikasema Yeye ataamua. Usinijibu kitu hapo, najua ninachopaswa kuambiwa.

Asubuhi ya siku ile nilimwambia, "Kunywa hata maziwa." Akasema, "Mama Mkubwa, mbona wewe mwenyewe hunywi?" Akatoa vidonge vyake, akavimeza kwa mate, maana hata tone la maji hakutaka. Nilimwona, shemeji. Niligeuka nikapanga maua. Akaenda kazini.

Saa sita na nusu nikasikia mtaa mzima unaitikia sauti ya yule Kipaza wao. "Fungueni mlango! Fungueni mlango!" Alikuwa amembeba Kidoti mabegani kama gunia. Mtoto alikuwa ameangukia mdomo wa tanuri, mkono wa kulia ukaingia kwenye trei. Kipaza alitaka kumkimbiza hospitali, mwenyewe akasema, "Nyumbani, leo ni siku ya Mama," halafu hakusema tena.

Tulimlaza mbele ya kabati la miungu kwa kuwa ndipo palipokuwa na mkeka. Nikamwona paji la uso. Nikaligusa, baridi. Midomo inacheza. Majirani wamejaa mlangoni, na yule wa chini akawa anawaambia wenzake, "Mwacheni, mwacheni, anaomba."

Nikasema, "Haombi!"

Sijawahi kupiga kelele namna ile mbele ya Mungu. Nilichukua asali ya sadaka pale pale mbele yake, ambayo hairuhusiwi kuguswa mpaka kesho yake, nikaingiza kidole ndani ya shavu la mtoto nikapaka. Nikapaka, nikapaka. Yule jirani akasema, "Unamvunjia mfungo!" Nikamwambia, "Navunja." Mkono wake ulikuwa unanuka mkate na nyama iliyoungua, na mimi napaka asali.

Wakampeleka hospitali kwa gari la mikate. Kesho yake akafumbua macho. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na kinachokifuata, wamevikata.

Juzi nilikwenda kwa kuhani wa hekalu. Nilimuuliza swali ambalo sisi wote katika nyumba hii tulipaswa kuuliza miaka mingi iliyopita. Akanishangaa. Akasema, "Mgonjwa hadaiwi mfungo. Anywe maziwa, ale tunda, au aombe tu. Ni tangu zamani. Nani aliwaambia vingine?" Nikamwambia hakuna aliyetuambia. Hatukuuliza.

Barua yako nimemsomea jana, yote. Nilipofika pale kwenye kigoda akageukia ukutani. Sikuacha kusoma, maana nilijua nikiacha sitaanza tena.

Mama yetu sijamwambia na sitamwambia. Huo mzigo niachie, nimeshauzoea.

Mdogo wangu nampenda vile vile nilivyompenda jana. Nilidhani ukweli ungemshusha. Haukumshusha. Umenishusha mimi.

Shemeji yako


20 Julai

Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Sentensi moja inanichukua muda wa kuiva mkate.

Kiwandani wameniweka mlangoni kupokea magunia. Kipaza alikuja kuniona hospitali, akajaribu kunong'ona. Wodi nzima ilisikia. Alisema, "Mimi nilidhani unaringa tu."

Muuguzi wa kliniki alikaa kitandani kwangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kufunga kwenyewe si kosa, kuna watu sukari yao na uzito wao hupungua kwa njia hiyo, na huenda hata kwangu ilisaidia kweli. "Lakini ungeniambia," akasema. "Ningekubadilishia dawa, nyingine ningekusimamishia siku hizo, ningekupa kipimo cha kidoleni, na ningekuambia ni namba gani ikifika unakula hapo hapo, uwe katikati ya sala au usiwe." Alisema maneno hayo kwa dakika tano tu. Dakika tano, Baba. Nilikaa kwenye benchi lake miezi sita nikamficha.

Hilo ni kosa langu, silikwepi. Sasa la kwako.

Ile saa moja uliyokaa kwenye kigoda siwezi kuitoa kichwani. Kuna siku nakuhurumia mpaka natamani kuja kukuinua kitandani. Kuna siku nataka kukuuliza kitu kimoja tu: kwa nini hukumwamsha? Ungemwita jina tu.

Nilikuwa nasimulia kifo cha Mama kama zawadi. Niliwasimulia wateja. Niliwasimulia wanawake niliokuwa nao wodini, kabla Mama Mkubwa hajanisomea barua yako. Uliniacha nisimulie mwaka mzima. Uliponikataza ulitumia ukali, wakati neno moja la kweli lingetosha, na ningekusikiliza, kwa sababu maisha yangu yote nimekusikiliza.

Siandiki hivi kukuumiza. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Usije kwanza, hata nyonga ikipona. Sina chuki. Nimechoka. Kopo la biskuti sijalifungua. Barua zako tatu zimo. Nitaandika mimi mwenyewe nikiweza. Usingojee tarehe.

Binti yako


3 Agosti

Binti yangu,

Nimekusikia. Sitakuja mpaka uniite. Barua hii unaweza kuiweka pamoja na zile nyingine, sitauliza kama umeisoma. Lakini umeniuliza swali, na safari hii nalijibu.

Mama yako aliniomba kitu kimoja tu kwa siku za mfungo: akiwa anaomba, nisimsemeshe. Alisema nikimsemesha namchekesha, na akicheka lazima aanze sala upya. Mimi sikuweza kujizuia. Miaka thelathini nilimvurugia. Nilikuwa napita nyuma yake nikisema, "Mungu amesema uangalie sufuria, maziwa yanachemka," naye mabega yanatikisika. Mara nyingine alianza upya mara tatu. Asubuhi ya siku ile, kabla sijatoka, aliniambia, "Leo ni kubwa, leo tafadhali niheshimu." Nikamwahidi. Kwa hiyo nilipomkuta pale nilifurahi kwamba nimeweza. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kutimiza. Ndiyo maana sikumwamsha. Sina sababu nyingine, na hii siitoi ili inisaidie. Umeuliza, ndiyo hiyo.

Wiki iliyopita nilianza kutembea kwa magongo. Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwa yule daktari. Nilimwambia, "Mwaka jana uliniuliza kama mke wangu alimeza dawa ya sukari, nikasema sijui. Nilijua. Nilimpa mimi." Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema laiti angeniuliza mara ya pili. Nikamwambia hata angeuliza mara kumi, siku ile nisingesema. Amesema anao wengine wanaofunga, wa dini mbalimbali, na kwamba kuanzia sasa atawauliza wote kabla hajawaandikia kidonge. Sijui kama atakumbuka. Alinisindikiza mpaka nje.

Wapangaji wenzangu na watu wa hekaluni nimewaambia pia. Mmoja amesema, "Sasa umetuambia ili tufanye nini?" Wawili hawaleti tena mizani zao kwangu, na sioni vibaya. Ukitaka kumsimulia mtu tena kuhusu mama yako, msimulie kwamba alikuwa anapenda kukaa upande wa dirisha kwenye basi na alikuwa anasoma mabango kwa sauti, hata yale aliyoyasoma jana. Msimulie kwamba alipokuwa anakusuka alikuwa anaishika pini mdomoni na kuongea nayo humo humo, na wewe ulikuwa unamwelewa, mimi simwelewi. Hayo yote yalitokea. Hayabadiliki kwa sababu yangu.

Kula ukisikia njaa. Funga ukitaka, mradi muuguzi ajue. Mkono ukikuuma wakati wa baridi upake mafuta ya uvuguvugu, usiukande kwa nguvu.

Sikuombi unisamehe, hilo lina siku yake au halina. Nakuomba jambo dogo. Ukiwa unamwombea mama yako, ukishamaliza yake yote, kama pumzi bado ipo, nitaje na mimi. Unikumbuke.

Baba yako